Chris LeDoux: Ubingwa Mmoja, Kanda Nyuma ya Pikapu na Gharama ya Sekunde Nane

Desemba 1976, mjini Oklahoma City, kijana wa miaka 28 aitwaye Chris LeDoux alitawazwa bingwa wa dunia wa kupanda farasi wakorofi bila tandiko. Alikuwa ameshiriki rodeo za kulipwa, yaani mashindano ya makauboi, tangu mwaka 1970, akizunguka Marekani kwa gari, akilipa ada za kushiriki kutoka mfukoni mwake, na akiuza kanda za nyimbo zake mwenyewe ili apate mafuta ya kumfikisha uwanja unaofuata. Hilo lilikuwa taji lake la kwanza na la mwisho la dunia. Joe Alexander, aliyekuwa akitawala mchezo huo wakati huo, alikuwa nayo matano. Bruce Ford aliyemfuatia naye alifikisha matano. Kaycee Feild wa Utah, katika zama zetu, amefika sita.

Kwa hesabu ya mataji, basi, LeDoux anakaa nyuma ya wengi. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa maisha ya mpanda farasi wa rodeo, yaani pesa inatoka wapi, mwili unalipa nini, na siku mwili ukigoma mtu anashika wapi, kisa cha LeDoux ndicho kinachofundisha kuliko vyote ninavyovijua. Yeye aliona mapema kwamba kazi hii haiwezi kumlisha mtu peke yake, akatafuta kazi ya pili ndani ya ileile ya kwanza.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu tumeiona kwenye filamu tu, na filamu huishia kwenye kofia na vumbi.

Farasi anaingizwa kwenye kizimba chembamba ambamo hawezi kugeuka. Mpandaji anamshukia taratibu kutoka kwenye mbao za ubavuni. Hakuna tandiko, hakuna pa kukanyaga, hakuna hatamu. Kilichopo ni kipande cha ngozi ngumu kilichofungwa kwa mkanda nyuma kidogo ya mabega ya farasi, na juu yake kishikio kama cha sanduku la safari. Mkono mmoja unasukumwa humo, ndani ya glavu iliyopakwa utomvu mkavu wa msonobari ili inate. Anaukaza, anaujaribu, anaukaza tena. Kiwiko cha mkono huo kimezungushiwa plasta tabaka juu ya tabaka, kwa sababu ndicho kitakachovutwa kwanza na kwa nguvu kuliko kiungo kingine chochote. Akisharidhika anaitikia kwa kichwa, na lango linafunguliwa. Anatakiwa akae juu sekunde 8.

Sasa sheria inaanza kumbana. Miguu ya mbele ya farasi inapogusa ardhi katika ruko la kwanza, visigino vya mpandaji lazima viwe vimefika mbele, juu ya mabega ya farasi. Visipokuwapo haandikiwi kitu, hata akikaa sekunde zote 8 kwa ustadi wa ajabu. Mkono wa pili ukimgusa farasi, au ukigusa mwili wake mwenyewe, amekwisha. Na kila ruko anatakiwa avute magoti, visigino vikisugua kutoka mabegani kuja kwenye kishikio, kisha avirushe mbele tena kabla farasi hajatua. Visigino hivyo vimevalishwa vyuma vya kumchochea farasi, navyo ni butu na vigurudumu vyake lazima vizunguke. Ukitazama kutoka jukwaani unamwona mtu amelala chali juu ya mgongo wa farasi, miguu inapanda na kushuka, kichwa kinatupwa nyuma kila ruko, na uzito wake wote umening'inia kwenye vidole vya mkono mmoja.

Wapanda farasi wa aina nyingine ya rodeo, ile ya tandiko, wana kamba nene ya kushika na pa kutia miguu, kwa hiyo mtikisiko unagawanyika. Huyu wa bila tandiko hana pa kuugawa. Unapita kiganjani, kiwikoni, begani, shingoni, kisha unateremka uti wa mgongo. Ndiyo maana hata wenyewe ndani ya mchezo husema kwamba katika mashindano ya farasi, hili ndilo linalomchakaza mtu mapema zaidi. Na mkono ukikwama kwenye kishikio baada ya mtu kuanguka, anaburutwa pembeni mwa farasi hadi wasaidizi wawili walioko juu ya farasi wao wamfikie.

Alama zinatolewa na waamuzi wawili. Kila mmoja ana 25 za mpandaji na 25 za farasi, jumla 100. Hapa pana jambo ambalo mgeni hulikosa: nusu ya alama si za mtu. Farasi akiruka kwa uvivu, hata mpandaji hodari kabisa hawezi kufika pazuri. Farasi hachaguliwi, anapangwa kwa bahati nasibu, na mpandaji huomba apate yule mkali ambaye mtu mwingine yeyote angemkimbia. Mwaka 1974 huko Cheyenne, Joe Alexander alipata alama 93 juu ya farasi aitwaye Marlboro, rekodi iliyodumu miaka mingi. Wanaoisimulia mpaka leo hawamtaji Alexander bila kumtaja Marlboro.

Kuna wanaoupinga mchezo huu kwa ajili ya wanyama, hasa ule mkanda unaofungwa kiunoni mwa farasi ili arushe miguu ya nyuma. Sheria zinataka mkanda huo uwe na manyoya ya kondoo au kitambaa laini upande wa ndani, na farasi wa kazi hii huzalishwa kwa ukoo kwa sababu wana tabia ya kuruka. Mabishano hayo ni ya haki na hayajaisha. Sitayamaliza hapa, kwa sababu kisa hiki kinamhusu mtu aliye juu ya farasi.

Mtu huyo hana mshahara, na huo ndio msingi wa kila kitu kinachofuata. Mchezaji wa timu akiumia, klabu inaendelea kumlipa kwa muda fulani. Mpandaji wa rodeo analipa ada ili aruhusiwe kushindana, ada hizo zinaingia kwenye fungu la zawadi, na wanaofanya vizuri siku hiyo ndio wanaoligawana. Asiyepata nafasi anaondoka na hasara ya ada, mafuta, chakula na pengine bili ya hospitali. Kwa hiyo wapandaji husafiri wanne au watano katika gari moja, wakipokezana usukani usiku kucha. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, karibu na sikukuu ya uhuru wa Marekani, rodeo hujaa kila mji kiasi kwamba wenyewe wanazipa siku hizo jina la Krismasi ya makauboi. Ndizo siku za kuvuna. Mtu anaweza kupanda farasi mchana jimbo hili na usiku jimbo jingine. Ukiumia mwezi Juni, mwaka wako umekwisha.

Na katika miaka ya 1970 matibabu yenyewe yalikuwa ya kubahatisha. Huduma ya madaktari wa michezo wanaozifuata rodeo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfuko wa kusaidia familia za walioumia ulikuja baadaye tena, mwishoni mwa muongo huo. LeDoux alifanya kazi yake yote kabla ya hayo.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1948 huko Biloxi, Mississippi. Baba yake, Al, alikuwa mwanajeshi wa anga, hivyo familia ilihamahama na kijana akajifunza kupanda farasi kwenye shamba la babu na bibi yake. Alianza kushindana akiwa Texas, bado mtoto. Familia ilipohamia Cheyenne, Wyoming, alikuwa amefika penyewe: mji huo una rodeo kubwa iliyoanza mwaka 1897. Akiwa sekondari alishinda ubingwa wa jimbo wa kupanda bila tandiko. Rodeo ikamlipia masomo katika chuo cha Casper, na mwaka 1969 akawa bingwa wa taifa wa vyuo. Mwaka uliofuata akaingia kwenye rodeo za kulipwa.

Mpaka hapo njia yake haina tofauti na ya vijana wengi wa Wyoming. Tofauti inaanza barabarani. LeDoux alikuwa na gitaa, na alikuwa akiandika nyimbo kuhusu kile alichokiona siku hiyohiyo: safari ndefu, farasi fulani, ada iliyopotea, mke aliyeko nyumbani. Mwaka 1972 alimwoa Peggy Rhoads, na familia ikaanza kukua hadi watoto watano, kwa hiyo swali la pesa lilizidi kuwa zito. Nyimbo zilipofika za kutosha kujaza kanda moja, alizirekodi katika chumba cha chini cha nyumba ya rafiki yake. Yeye na baba yake wakaanzisha kampuni yao ndogo ya kuzitoa. Kisha akaziuza kwenye viwanja vya rodeo, kutoka nyuma ya pikapu.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu naona ndipo palipo na ujanja wa kisa kizima, na ninausema ujanja kwa heshima. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa watu walewale waliomwona akitupwa chini saa moja kabla. Hakuhitaji kuwaeleza kuwa anayajua anayoyaimba. Vumbi lilikuwa bado kwenye suruali yake. Wapandaji wenzake walinunua kanda hizo kwa sababu zilikuwa za kwanza kuwasimulia wao wenyewe bila kuwapamba, wakazicheza kwenye magari yao kutoka mji hadi mji. Kwa hiyo mtandao wa usambazaji, ambao kampuni kubwa ingeutumia fedha nyingi kuujenga, alipewa na mchezo wenyewe. Kufikia mwaka 1982 alikuwa ameuza nakala zaidi ya 250,000, bila redio na bila kampuni kubwa nyuma yake.

Faida ya farasi na faida ya kanda zilikuwa zikilipiana. Akishinda, jina linauza kanda. Akishindwa, kanda zinalipa ada ya rodeo ijayo. Mpandaji asiye na kipato cha pembeni, akipitia wiki tatu mbaya, huanza kupanda kwa woga wa pesa, na woga huo huingia mwilini: anakaza goti pale panapotakiwa kulegea, anachelewesha kisigino, waamuzi wanaona. Sidai kwamba gitaa lilimpa LeDoux ubingwa. Nadai lilimpa muda wa kutosha barabarani mpaka zamu yake ifike.

Zamu yenyewe ilikuja kwa njia ambayo wajuzi wa mchezo bado wanaibishania. Kwa desturi, bingwa wa dunia alikuwa yule aliyekusanya zawadi nyingi zaidi mwaka mzima, fainali za Desemba zikiwemo. Lakini kuanzia 1976 hadi 1978 chama cha rodeo za kulipwa kilibadilisha utaratibu: taji la dunia likaamuliwa na zawadi za fainali peke yake, na aliyeongoza msimu mzima akapewa taji la chama. Yaani wapandaji 15 bora wa mwaka wanafika Oklahoma City, hesabu inafutwa, na kila mtu anaanza upya.

Joe Alexander alikuwa ametwaa taji la dunia mara tano mfululizo, 1971 hadi 1975. Mwaka 1976 aliongoza tena msimu. Kwa sheria ya zamani angekuwa na la sita. Kwa sheria mpya alipata taji la chama, na la dunia likaenda kwa LeDoux, aliyepanda vizuri zaidi katika siku zile chache zilizohesabika. Mwaka 1977 Alexander akaongoza msimu kwa mara nyingine, na taji la dunia likaenda kwa Jack Ward. Baada ya 1978 utaratibu huo ukaachwa.

Je, taji la LeDoux lina kasoro? Ukipima nani alikuwa mpandaji bora wa muongo ule, jibu ni Alexander, na sidhani kuna wa kulipinga. Uthabiti ndio kipimo kigumu kuliko vyote katika kazi ambayo mwili unavunjika na farasi anapangwa kwa bahati nasibu. Mtu anayeongoza misimu saba mfululizo hakubahatisha. Sheria ile ilimdhulumu, na chama kilipoirudisha ya zamani kilikuwa kinakiri hivyo kimyakimya.

Lakini LeDoux hakuiandika sheria hiyo. Alijua, kama wenzake wote 14, kwamba mwaka huo kila kitu kimewekwa kwenye fainali. Alifika pale akiwa na miaka sita ya maumivu mwilini, farasi wakali kuliko wote wa nchi wakiwa wamekusanywa sehemu moja, na hakuna rodeo nyingine ya kurekebishia makosa. Alexander alikuwa hapohapo, chini ya sheria hiyohiyo. Aliyepanda vizuri zaidi siku zilizohesabika alikuwa LeDoux. Naona mtu anaweza kumwonea Alexander uchungu bila kumpunguzia LeDoux hata alama moja.

Kwa maisha yake, taji hilo lilifanya kazi ambayo mataji matano hayakumfanyia Alexander. Lilizipa nyimbo zake uthibitisho. Waimbaji wa kofia na buti walikuwa wengi Marekani, na wengi wao hawakuwahi kukalia farasi wa rodeo hata sekunde 2. Huyu alikuwa na mkanda wa bingwa wa dunia kiunoni. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anaigiza.

Alistaafu rodeo mwaka 1980, mwili ukiwa umechakaa na watoto wakihitaji baba nyumbani. Alikuwa na miaka 31 au 32, umri ambao wafanyakazi wengi wa kazi nyingine ndiyo kwanza wanapandishwa cheo. Familia ilikaa kwenye ranchi karibu na Kaycee, mji mdogo sana wa Wyoming. Hapa ndipo wapandaji wengi hupotea. Wanakuwa na jina ambalo watu wachache wanalikumbuka, bega lisilonyanyuka, na ujuzi usiohitajika popote nje ya uwanja. Wengine hurudi kupanda wakiwa wameshachelewa, na huumia vibaya zaidi. LeDoux alikuwa na sanduku la kanda, na orodha ya watu waliokuwa wakizingoja. Akaendelea kurekodi na kuuza kwa mkono. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa ametoa albamu 22 kwa nguvu ya familia tu.

Mwaka 1989 mwimbaji kijana kutoka Oklahoma, Garth Brooks, alitoa wimbo wake wa kwanza sokoni. Wimbo huo ulikuwa wa kauboi wa rodeo aliyechoka, na ndani yake alimtaja Chris LeDoux kwa jina, kama kanda iliyochakaa kwa kusikilizwa. Wimbo ukapanda chati, na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kufika kwenye rodeo wakaanza kuuliza huyu LeDoux ni nani. Mwaka 1991 kampuni kubwa ilimsaini na kuzitoa upya albamu zake za zamani. Mwaka 1992 yeye na Brooks waliimba pamoja wimbo ulioingia kumi bora, na albamu yake ikafikia kiwango cha dhahabu.

Wanaosimulia maisha yake hupenda kuanzia hapa, kana kwamba bahati ilimwangukia siku Brooks alipomtaja. Sikubaliani nao. Brooks alimtaja kwa sababu kanda zile zilikuwa zimeshapita mikononi mwa watu karibu miaka ishirini. Na kijana wa Oklahoma anayetaka kuonyesha kauboi wa kweli anasikiliza nini ndani ya gari lake asingepata jina jingine lenye uzito huo. Katika maonyesho yake ya miaka ya 1990 LeDoux, mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye viungo vilivyokwishaharibika, alikuwa akipanda fahali wa mashine jukwaani. Watazamaji walishangilia, na ninaelewa kwa nini, ingawa nikiwaza juu ya goti na mgongo wake nasita.

Mwaka 2000 alibainika kuwa na ugonjwa unaoziba mirija ya nyongo na kuharibu ini, akahitaji ini jipya. Brooks alijitolea kumpa sehemu ya ini lake mwenyewe. Vipimo vikaonyesha hawalingani. Akapatikana mtoaji mwingine, na LeDoux akafanyiwa upandikizaji Oktoba ya mwaka huo. Alirudi jukwaani na kutoa albamu nyingine. Baadaye saratani ya mirija ya nyongo ikamshika, akafariki huko Casper tarehe 9 Machi 2005, akiwa na miaka 56. Ugonjwa huo haukuwa na uhusiano na farasi, na naona ni vema kulisema hilo kwa sababu watu hupenda kuunganisha kila kifo cha kauboi na uwanja.

Mwanawe Ned, aliyekuwa akimpigia ngoma katika bendi, baadaye alianza kuimba mwenyewe na anaendelea kuzunguka na nyimbo za baba yake pamoja na zake. Mji wa Kaycee umemjengea Chris sanamu inayomwonyesha juu ya farasi. Na miezi michache baada ya kifo chake, jumba la kumbukumbu ya magwiji wa rodeo huko Colorado Springs lilimwingiza katika mafungu mawili kwa mara moja: kama mpanda farasi bila tandiko, na kama mtu aliyeutumikia mchezo kwa muziki. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameingizwa hivyo.